Kuni Kavu, Moshi Kidogo: Somo la Nishati ya Jikoni kwa Wakazi wa Biliqo

Katika Wadi ya Chari, Kaunti Ndogo ya Merti, siku ya nyumba nyingi huanza kwa moto. Chai huchemshwa kabla mifugo haijatoka bomani, na jioni moto huwashwa tena kwa chakula cha familia. Biliqo haina upungufu wa joto. Kinachozidi kuwa kigumu ni kupata kuni karibu na makazi. Manyatta ikikaa mahali pamoja kwa miaka, miti mikavu ya karibu huisha, na wanawake na wasichana hulazimika kwenda mbali zaidi kutafuta mzigo uleule.

Jambo hili si la Biliqo pekee. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya nyumba nchini Kenya hutegemea kuni kwa kupikia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto wengi walio chini ya miaka mitano. Kwa hivyo namna kuni zinavyochomwa ni suala la afya, la muda wa akina mama na la miti ambayo mbuzi hutegemea wakati wa kiangazi.

Somo hili linaanzia mbali kidogo, katika nchi za baridi ambako kuni hutumika kupasha nyumba joto, kisha linarudi Biliqo na mambo matatu yanayoweza kufanywa jikoni bila gharama kubwa.

Boila ya peleti ni nini?

Katika nchi kama Uswidi na Austria, majira ya baridi huwa makali na nyumba isiyopashwa joto haikaliki. Familia nyingi huko hutumia boila inayochoma peleti. Peleti ni vipande vidogo vya mbao iliyosagwa na kubanwa. Unene wake ni milimita 6 hadi 8, karibu sawa na penseli, na urefu wake ni sentimita chache tu. Hutengenezwa kwa unga wa mbao unaobaki viwandani. Unga huo hukaushwa, kisha husukumwa kwa nguvu kupitia matundu madogo ya chuma. Joto la msuguano hulainisha gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, na kipande kikipoa hushikana chenyewe.

Boila huvuta peleti chache kwa wakati, hupuliza hewa kwa kipimo na kupasha maji. Maji hayo ya moto huzunguka nyumbani kupitia mabomba. Moshi ni kidogo sana, na jivu ni la kujaza kikopo.

Mfano wa boila uko karibu zaidi kuliko Ulaya. Viwanda vya majani chai katika Kaunti jirani ya Meru hutumia boila za kuni kutengeneza mvuke wa kukaushia majani. Kuni za viwandani hupangwa kwenye rundo na kuachwa zikauke kwanza, kwa sababu kuni mbichi hupandisha gharama.

Je, boila inafaa Biliqo?

Haifai. Biliqo iko nyanda za chini zenye joto, na nyumba haihitaji kupashwa. Hata peleti za kupikia pekee zina masharti yake. Zinahitaji mashine ya kuzitengeneza, umeme wa kuiendesha, jiko maalumu ambalo aghalabu huwa na feni, na mtu wa kuzileta kila mwezi bila kukosa. Nchini Rwanda, kampuni ya Inyenyeri ilijaribu kuwapa wakazi wa mji wa Gisenyi majiko ya aina hiyo pamoja na peleti, lakini ilisitisha shughuli zake mwaka 2020. Jiko zuri lisilo na mnyororo wa uhakika wa kulilisha hubaki pambo.

Hata hivyo, sababu zinazofanya peleti iwake vizuri hazihitaji umeme. Ni tatu: imekauka, ni ndogo na za ukubwa mmoja, na hupata hewa ya kutosha. Mambo hayo matatu yanaweza kufanyika katika jiko la mawe matatu.

Jambo la kwanza: usichome maji

Mti uliokatwa leo una maji mengi. Mara nyingi nusu ya uzito wake ni maji. Kuni iliyokaushwa vizuri juani hubaki na maji kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Peleti huwa na chini ya asilimia 10.

Hesabu yake ni rahisi. Kilo moja ya mti usio na maji kabisa hutoa joto la takriban megajuli 18. Katika kilo moja ya kuni mbichi, nusu kilo tu ndiyo mti, na huo una megajuli 9. Nusu kilo ya maji iliyobaki lazima igeuzwe mvuke kabla kuni haijawaka vizuri, na kazi hiyo hula zaidi ya megajuli 1. Kinachobaki kwa sufuria hakifiki 8. Kilo moja ya kuni yenye maji asilimia 15 hutoa karibu 15.

Kwa lugha ya mgongoni, mama aliyebeba kilo 20 za kuni mbichi amebeba takriban lita 10 za maji asiyoweza kunywa. Joto atakalopata ni sawa na la kilo 10 au 11 za kuni kavu. Zaidi ya hayo, kuni mbichi huwaka kwa moto hafifu, na moto hafifu ndio unaotoa moshi mzito unaochoma macho na kuingia mapafuni.

Kuni nyingi zinazookotwa Biliqo ni matawi yaliyokufa, na jua limekwisha kuyakausha. Tatizo huja mara mbili: wakati wa mvua za ganna na hagaya, kuni zinapolowa nje, na pale mti unapokatwa ukiwa mbichi na kuchomwa wiki hiyohiyo.

Namna ya kukausha na kuhifadhi kuni

1. Pasua kwanza. Maji hutoka kwa shida kupitia gome. Gogo zima hukauka polepole, lakini likipasuliwa vipande vya unene wa mkono, jua la Merti hufanya kazi hiyo kwa wiki chache.

2. Inua kutoka ardhini. Panga kuni juu ya mawe au fito mbili ili upepo upite chini na mchwa wasipande.

3. Panga kwa kupishana, ukiacha nafasi ya hewa kati ya kipande na kipande.

4. Funika juu pekee. Bati kuukuu au turubali huzuia mvua. Ukifunika pande zote, unyevu hubaki ndani.

5. Weka rundo mbali na nyumba. Nyumba za mikeka na nyasi hushika moto upesi, na nge na nyoka hupenda kujificha ndani ya rundo. Tumia fimbo kuligusa kwanza kabla ya kuingiza mkono, na usitume mtoto mdogo kuchukua kuni gizani.

6. Tenga akiba ya mvua. Kuni zinazokaushwa wakati wa kiangazi ziwekwe pembeni mapema, kabla ya mawingu ya kwanza.

Utajuaje kuwa kuni imekauka? Ncha zake huwa na nyufa. Gome hubanduka kwa urahisi. Vipande viwili vikigonganishwa hutoa sauti kali, ilhali kuni mbichi hutoa sauti nzito. Ikiwekwa motoni, haitoi povu wala haichirizi maji nchani. Mwenye mizani anaweza kupima kipande kimoja kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kuni iko tayari.

Jambo la pili: vipande vidogo

Gogo zima likisukumwa taratibu kati ya mawe matatu huwaka upande mmoja na kutoa moshi upande mwingine. Moto hula nje ya kuni, mahali hewa inapofika. Kuni iliyopasuliwa hadi unene wa vidole viwili ina uso mwingi wa kushika moto, hivyo huwaka kwa mwali mkali na kuisha bila kufuka. Tumia vipande vitatu au vinne kwa wakati, na uvisukume ndani kadiri vinavyoliwa. Chakula kikiiva, toa vipande vilivyobaki na uvizime kwa mchanga. Hivyo vitawaka tena kesho.

Jambo la tatu: hewa na kuta za jiko

Jiko la mawe matatu lililo wazi hupeleka sufuriani takriban sehemu moja tu kati ya saba hadi kumi ya joto la kuni. Sehemu kubwa huchukuliwa na upepo, na Biliqo upepo haukosekani.

Kenya ina historia ndefu ya kurekebisha hali hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa jua kali walianza kutengeneza jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, ambalo leo linauzwa katika kila soko. Katika muongo huohuo, Maendeleo ya Wanawake na wataalamu wa shirika la Ujerumani la GTZ walisambaza jiko la kuni lenye ukuta wa udongo, ambalo wengi walilijua kama jiko la Maendeleo. Kanuni ya majiko yote mawili ni moja: ukuta wa udongo huzuia joto lisitoroke, na mlango mdogo huingiza hewa kwa kipimo.

Nyumba isiyo na uwezo wa kununua jiko inaweza kufanya haya:

- Kujenga ukuta mfupi wa udongo uliochanganywa na nyasi kuzunguka mawe matatu, ukiacha mlango mmoja wa kuni na nafasi ndogo chini ya sufuria ili moshi utoke.
- Kuelekeza mlango huo mahali upepo hauvumi moja kwa moja.
- Kuweka kuni juu ya jiwe bapa au kipande cha chuma ndani ya mlango, ili hewa ipite chini yake.
- Kufagia jivu kila asubuhi, maana jivu likijaa hewa huzibwa.

Mazoea ya mapishi nayo huokoa kuni. Maharagwe na mahindi yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema. Sufuria yenye kifuniko huchemka haraka kuliko iliyo wazi. Chai ikipikwa mara moja na kuwekwa kwenye themosi, moto wa saa nne hauna haja ya kuwashwa.

Na pale hali ya hewa inaporuhusu, kupika nje au kwenye kibanda kilicho wazi ni bora kuliko ndani. Moshi una kazi yake ya zamani ya kufukiza vyombo vya maziwa. Mtoto aliyebebwa mgongoni hahitaji kufukizwa.

Ni mti gani ukatwe?

Dadacha, mgunga wenye mwavuli unaoota kando ya Ewaso Nyiro, ni mti mzuri wa kuni. Ni mzuri zaidi ukiwa hai. Maganda yake huanguka wakati wa kiangazi, majani yakiwa yameisha, na mbuzi na ngamia huyategemea. Kivuli chake hulinda nyasi na wachungaji. Ndiyo sababu wazee wa dedha, wanaosimamia malisho na maji kwa desturi ya Waborana, wana usemi mkubwa kuhusu matumizi ya miti, na mkazi anayepanga kukata mti ulio hai anapaswa kuwauliza kwanza. Matawi yaliyokufa yanatosha kwa kuni za nyumbani.

Mathenge ni habari nyingine. Mti huu wa kutoka bara la Amerika uliletwa Kenya mwaka 1973 kwa ajili ya kurudisha uoto kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa. Miaka ya 1980 ulipandwa Baringo na Bura, Tana River, kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kupata kuni. Ukaenea kupita mipaka. Mbegu husafiri ndani ya kinyesi cha mifugo na kwenye maji ya mafuriko, na mti huota kwa wingi hadi kuziba njia na malisho. Maganda yake yana sukari nyingi inayooza meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, na mbuzi aliyeng'oka meno akafikishwa mahakamani Nairobi kuwa ushahidi. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa rasmi kuwa gugu hatari. Umeonekana pia katika sehemu za Isiolo.

Kama nishati, mathenge ni mti mzito unaotoa moto mkali. Kwa hivyo anayetafuta kuni anaweza kupata kuni na kuokoa malisho kwa wakati mmoja, akizingatia haya:

- Kukata shina juu ya ardhi hakuui mti. Kisiki huchipuka na kutoa matawi mengi kuliko mwanzo. Chimba kando ya shina na ukate chini ya ardhi, kina cha sentimita 20 hadi 30, ili kitovu cha machipukizi kitoke.
- Vaa viatu vizito. Mwiba wa mathenge hupenya kandambili, na jeraha lake huvimba. Jeraha lisilopona lipelekwe zahanati.
- Usiburute matawi yenye maganda kupita kwenye malisho safi. Maganda yakisagwa hadi mbegu zivunjike, unga wake unaweza kuchanganywa na chakula cha mifugo bila kueneza mti.
- Pasua na kausha kama kuni nyingine.

Hesabu ya makaa

Makaa ni mepesi kubeba na hayana moshi mwingi, ndiyo maana mijini hupendwa. Bei yake ya kweli hulipwa msituni. Tanuri la kawaida la udongo huhitaji kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya makaa. Chukua kilo 7 za kuni kavu: zina karibu megajuli 105 za joto. Kilo moja ya makaa inayotoka ina takriban 29. Zaidi ya sehemu mbili kati ya tatu zimepotea hewani. Nyumba yenye kuni kavu na jiko lenye ukuta haina sababu ya kuzigeuza makaa kwa matumizi yake yenyewe.

Vumbi la makaa linalobaki chini ya magunia lisitupwe. Lichekeche, changanya sehemu nane au tisa za vumbi na sehemu moja ya udongo wa mfinyanzi au uji mwepesi wa unga, finyanga madonge ya ukubwa wa yai, kisha anika kwa siku tatu hadi tano. Madonge hayo huwaka polepole na kufaa kwa chakula cha kuchemsha muda mrefu. Kanuni ni ileile ya peleti: kavu, dogo, lililobanwa.

Kuhusu sheria, Kanuni za Misitu za mwaka 2009 juu ya makaa zinamtaka anayechoma makaa ya kuuza awe na leseni, na anayeyasafirisha awe na kibali kutoka Shirika la Huduma za Misitu nchini (KFS). Jambo hili linahusu pia makaa ya mathenge. Uliza ofisi ya KFS kabla ya kuanza, kwa maana kukamatwa njiani na magunia ni hasara mara mbili.

Onyo: jiko la makaa usiku

Usiku wa mvua, au kwa wageni waliokwenda nyanda za juu zenye baridi, wengine huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango ili wapate joto. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Makaa kutokuwa na moshi hakumaanishi kuwa ni salama.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Zikiwapata watu kadhaa nyumbani kwa wakati mmoja, wote watoke nje mara moja, jiko litolewe na wapelekwe hospitali. Joto la kulalia litafutwe kwa blanketi na nguo, na jiko libaki nje.

Kujipima

Kila nyumba inaweza kujiuliza maswali haya matano:

1. Je, kuni za wiki ijayo zimepasuliwa na ziko juani leo?
2. Je, kuna akiba kavu iliyofunikwa kwa ajili ya mvua?
3. Je, jiko lina ukuta na mlango wa hewa?
4. Je, kuni hizi zimetoka kwenye mti uliokufa au mathenge, au zimetoka kwenye dadacha hai?
5. Je, kila mtu nyumbani, watoto wakiwemo, anajua kuwa jiko la makaa halilali ndani?

Anayejibu la kwa swali lolote aanze na hilo. Mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kushauri kuhusu moshi na watoto wenye kikohozi kisichokwisha. Wazee wa dedha na KFS watashauri kuhusu miti. Na kwa kuwa Sheria ya Nishati ya 2019 inazitaka serikali za kaunti kuandaa mipango ya nishati, vikao vya ushirikishwaji wa umma ndipo mahali pa wakazi wa Biliqo kueleza mahitaji yao: majiko bora, vifaa vya kung'oa mathenge, au gesi kwa zahanati na shule. Anayehudhuria aje na hesabu yake mkononi: kilo ngapi za kuni kwa siku, na mwendo wa saa ngapi kuzipata.